Nyundo za Kamukunji

Nafuna alikuja na kipimo cha presha
ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa,
kile cha kupuliza kwa mkono,
kinachotaka sikio.

"Naomba kimya," akasema.
Kimya, Kamukunji! Tulicheka. Huku bati halilali.

Musembi akakunja shati, akanyoosha mkono
uleule unaokunja masanduku kutwa.
"Mimi sina ugonjwa, dada. Nina madeni."

Lakini Ogaye wetu, mwaka jana,
aliamka na nusu ya mdomo;
nusu ya pili ikabaki usingizini.
Nyundo yake ingali msumarini.
Hakuna aliyethubutu kuiazima.

Basi mmoja akaacha kugonga. Wa pili.
Mstari mzima, hadi kwa wauza sufuria,
na kwa mara ya kwanza nikasikia
njiwa wakitembea juu ya paa.

Nafuna akasikiliza. Akapuliza tena. Akasikiliza.
Mia moja themanini na nne.
Hakuhubiri. Alikisogeza tu kando
kikopo cha chumvi
pale kwenye mayai ya kuchemsha.

Musembi akajishika kifua, taratibu:
"Sasa hii ya ndani
inafua chuma gani, usiku na mchana?"

Nikakunja shati langu.