Chapa

Nina mashine mbili za kuchapa, mtaa wa Makoroboi, ghorofa ya kwanza.
Moja hutema wino wa bluu ikipata joto.
Humu ndimo lilimozaliwa jina lako, Mbuke,
Jumanne ya mvua, umeme ukikatika na kurudi,
wewe umekumbatia mfuko wa dagaa wa kukaanga,
ndimu, pilipili, chumvi kwa mbali,
ukaniambia: "Onja kwanza, ndipo uchore."

Nikaonja. Nikachora
furu mmoja, mkia juu,
kwa kuwa bibi yako kule Kayenze alikula furu
kabla sangara hajaletwa ziwani akawamaliza.
Tukamwita Furu Mtundu.
Lebo mia tano za kwanza nilikukopesha.

Mwaka haukuisha, Furu akafika Igoma, Buhongwa,
akavuka na kivuko cha Kamanga ndani ya vikapu vya watu,
watoto wa shule wakamwagiza kwa jina
kama wanavyomwita mwenzao.

Leseni ulikuwa nayo, imetundikwa ukutani.
Jina la biashara uliandikisha. Ukadhani yamekwisha,
nami nikadhani hivyo hivyo.
Kumbe jina la biashara ni mlango wa duka;
alama ya biashara ndiyo uso wa mali
ikishatoka mlangoni, iko njiani, haina mwenyewe karibu.
Hilo nimelijua baadaye,
kama mengi ninayoyajua.

Alikuja kijana, shati limenyooka, flashi mkononi.
Akafungua faili: furu wangu.
Hata kosa langu lilikuwepo,
jicho nililolisogeza mno karibu na mdomo.
Nikasema, "Huyu ana mwenyewe."
Akatoa cheti. Alama imesajiliwa, daraja la ishirini na tisa,
jina lake, muhuri.
Tangazo lilishatoka, siku za pingamizi zikapita
wewe ukiwa Mwaloni, unageuza dagaa juani.
"Chapa elfu ishirini," akasema.

Nilichapa.
Nirudie, nisije nikaliruka: nilichapa.
Kodi ya chumba ilikuwa miezi miwili nyuma.

Kisha ikaja ile barua ya wakili, ikikukataza
kumtumia samaki wako mwenyewe.
Ukaileta kwangu, kwa mimi, nikusomee!
Ukauliza, "Kwani hawajui? Si Igoma nzima inajua?"
Mbuke, Igoma nzima
haimo daftarini.

Babu yangu wa Magu alikuwa na ng'ombe arobaini,
akimjua kila mmoja kwa mwendo, hata gizani.
Bado aliwachoma chapa pajani, wote,
kwa ajili ya ile siku ambayo ng'ombe angekuwa mnadani
na yeye hayupo.

Siku hizi sichori kabla sijauliza: umesajili?
Wengine hununa. Wananiona nachelewesha kazi.
Juzi mtoto wa Nyakato, mwenye sabuni ya mawese,
alinicheka: "Bado changa, mzee. Ikikua nitasajili."
Nikamwambia sangara hangoji furu akue.
Akaondoka. Lebo akachapishia kwa jirani.

Na wewe unauza kwenye mifuko mitupu,
nyeupe, haina hata nukta.
Wateja wanauliza, "Huyu ndiye Furu?"
Unawaambia waonje.

Jana nilipindua makabati, panya wakanikimbia miguuni.
Nimekipata kitabu cha risiti,
nakala ya kaboni, tarehe ya Jumanne ile,
"lebo 500, samaki, mkia juu, deni",
na saini yako iliyolowa mvua.
Nimemuuliza wakili mmoja wa Mabatini
kama karatasi hii inaweza kukifuta cheti kile.
Akasema huenda. Nikamuuliza tena. Akasema huenda, tena
ungelipa ada ile mwanzo, hata nisingekujua.

Kesho saa nne nafunga duka, nakuja Mwaloni.
Risiti nitakupa mkononi.
Lile jingine, la elfu ishirini,
nitalisema nikiwa nimesimama.