Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo,
si saa tatu kama nilivyoandika.
Ukumbi ni ule wa zamani wa wapima mkonge;
kuta zake bado zinatoa unga mweupe
ukiegemea, na Pongwe yote
hujua nani alikaa nyuma.

Waliohudhuria: kumi na saba.
Waliotoa udhuru: wanne.
Waliotoka kupokea simu wasirudi: sikuandika.

Ajenda ya pili, Mfuko wa Hisani.
Dakta Shemdoe alisimama, akakohoa,
akasema wapo wanafunzi wanaosoma kwa mlo mmoja,
wapo waliouza godoro wakalipia mtihani,
na kwamba kila mtumishi akikatwa elfu tano
kabla mshahara haujagusa mkono
hatutausikia uchungu.
Mhasibu Kihiyo akauliza nani atazishika.
Mtu wa maktaba akauliza, kwa vigezo gani:
njaa ipimwe kwa barua ya mtendaji wa kata
au kwa kumtazama mtu usoni?
Tukalijadili neno "mhitaji"
dakika arobaini.
Tukaunda kamati.
Kamati ikaomba posho.

Ndipo vikaingia vitumbua,
beseni la bluu, kitambaa juu,
na chai ya mchaichai inayokwaruza koo kwa utamu,
na kikao kikapata umoja ambao hakikuwa nao
tangu sala ya kufungua.

Ajenda ya tatu, Ramani.
Mhandisi Ngoda akaikunjua mezani,
akazibana pembe kwa vikombe vyetu.
Hapa ghorofa mbili. Hapa maabara.
Hapa wafadhili wameahidi saruji,
ya kiwanda hikihiki ambacho vumbi lake
tunalivuta bure miaka yote;
sasa na mifuko itakuja bure.
Tukacheka. Nikaandika: Wajumbe walipongeza.

"Na hapa?" akauliza Bi Mwanakombo wa usafi,
ambaye huitwa vikaoni kujaza akidi.
"Maegesho. Magari thelathini."
"Hapo ni jikoni kwa Bi Mnyamisi."
Mhandisi akainama, akatafuta kwa kidole.
Kwenye ramani hapakuwa na jiko.
Palikuwa na miti mitatu iliyochorwa kama mawingu.

Mimi nalijua daftari la Bi Mnyamisi.
Jalada lina twiga aliyechanika kichwa.
Ukurasa mmoja, mtoto mmoja:
Hiza, ualimu mwaka wa pili, uji na maandazi tangu Machi.
Yule mrefu wa Handeni, hana jina, chapati.
Dada wa miwani, na mbele yake hakuna hesabu,
kuna mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu
na neno moja: basi.

Hana kamati. Hana vigezo.
Akiuliza sana huuliza, "Umekula?"
na jibu halingoji, anatia upawa.

Bi Mwanakombo hakuyasema haya.
Alisema, "Mie nimeuliza tu," akaketi.
Mwenyekiti akaagiza hoja isogezwe Mengineyo,
na Mengineyo yakafika saa nane na nusu,
watu wameshashika funguo.

Mhandisi alipoinua kikombe changu akunje karatasi,
kiliacha duara la chai juu ya maegesho,
duara zima, lenye ukingo,
palepale panapokaa sufuria.
Akalifuta kwa leso. Likaenea.

Usiku nimechapa muhtasari.
Kikao kijacho watausoma ukurasa kwa ukurasa,
watasahihisha Shemdoe niliyoiandika kwa i,
watathibitisha, watasaini.
Kifungu cha mwisho sikumwonyesha mtu:

*Vitumbua themanini na chai chupa tano
vilivyoliwa na wajumbe
havijalipwa.
Mdai anapatikana kwenye maegesho.*