Ubavu wa Kushoto

Miaka thelathini na mmoja nilichambua barua
katika posta kuu ya Oulu.
Mkono huu wa kulia ulizijua njia za mji kabla ya macho:
Tuira, Toppila, Karjasilta,
bahasha zikiruka kila moja shubakani mwake
kama njiwa wanaorudi bandani.

Sasa mkono huohuo unahesabu sarafu zisizokuwapo,
kidole gumba juu ya cha shahada, siku kutwa,
na mwandiko wangu umesinyaa.
Juzi niliandika maziwa, shayiri, sabuni.
Taisto akaishika karatasi dirishani:
"Aune, hawa ni sisimizi."
Akacheka. Nikataka kucheka naye.
Uso ukakataa.

Hilo ndilo nililoshindwa kumweleza daktari,
kijana mpole mwenye nyundo ndogo ya mpira:
kwamba furaha imo, imejaa tele,
ila haina mlango wa kutokea.
Aliandika kitu. Haraka, kwa herufi kubwa.
Nilimwonea wivu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndipo nikaenda, kwa kuburutwa, Alhamisi moja ya Novemba
kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa,
theluji ya majimaji, giza limeingia saa kumi alasiri.
Watu kumi na mmoja. Vikombe vimejazwa nusu,
wala hakuna aliyeuliza kwa nini.
Nikakaa.

Kauko alikuwa fundi mitambo katika meli ya kuvunja barafu.
Ghuba nzima aliipasua, kila majira ya baridi,
na siku hiyo aliganda mlangoni,
nyayo zimenasa kizingitini,
mwili wataka, miguu haisikii.
Nyumbani kwangu wangemvuta mkono.
Nyumbani kwangu wangesema, haya, twende, twende.
Hapa hakuna aliyemgusa.
Tellervo, aliyekuwa akiimba hadi vioo vya kanisa vikaitika,
ambaye siku hizi sauti yake ni karatasi ikikunjwa,
alilaza fimbo mbele ya viatu vya Kauko
akanong'ona: "Ruka."
Akaruka.
Jitu la kilo mia liliruka ufito usiozidi unene wa kidole,
likaingia kunywa kahawa.

Nimejifunza kwao:
shuka laini, la kuteleza, husaidia kugeuka;
kidonge kwanza, nyama baadaye;
ukikwama usipigane na mguu, tafuta mstari,
ufa wa sakafu, kivuli cha nguzo, chochote cha kuvuka;
harufu ya kahawa huenda isirudi,
lakini joto lake lipo, lishike.
Na kulia kwa hasira bafuni si ugonjwa mpya.

Sitasema uongo. Mwezi Machi
kiti cha Raimo kilibaki kitupu,
Raimo wa mizaha, aliyesema tumpe yeye kopo la chumvi
maana kwake linajitikisa lenyewe.
Nilimtazama Kauko, nikamkuta ananitazama,
kila mmoja anapiga hesabu yake.
Tukainamia biskuti.
Kukaa na waliokutangulia hatua mbili ni kuiona njia,
na njia yenyewe siipendi.

Lakini jana usiku.
Saa tisa, Taisto amelala fofofo,
nami chali, nimekazana kama ubao,
kidonge kimekwisha nguvu, kingine bado saa tatu.
Kidole kikaitafuta simu kifuani, kikakosea mara nne,
kikaandika: uko mcho?
Jibu likaja, nalo lina vilema vyake:
Niko. Nimekwma ubavu wa kushoto.
Mimi chali, nikaandika.
Basi umenishinda. Wewe unaona dari, mimi ukuta.

Nikacheka.
Uso sijui ulifanya nini gizani,
ila kitanda kilitikisika,
na Taisto akauliza usingizini:
"Ni wewe, au ni ugonjwa?"

"Ni mimi," nikasema.