Nyumba ya Kuibiwa Ijumaa

Naijenga nyumba ili iibiwe.
Naijenga nyuma ya karatasi za mizigo,
kontena arubaini za ngano, meli imeshaondoka,
hakuna atakayeziulizia. Ofisi hii ya Kilindini
imebaki na mimi na pangaboi linalokohoa.
Penseli. Rula ya mwanangu, pembe imetafunwa.

Kwanza ukuta: matumbawe, unene dhiraa mbili.
Kisha mwenye ukuta: Sultani wa Chumvi,
jini aliyefilisi bandari saba bila kuinua upanga,
kwa madeni tu, na wino, na subira.
Ndani kabisa, chini ya birika, iko chupa,
na ndani ya chupa kivuli cha mji mzima
alichowekewa rehani.
Ndiyo maana watu wa mji ule hutembea mchana
bila cha kuwafuata chini.

Sasa, nini kitawazuia wezi wangu?
Nimejifunza kwa kuharibu. Mwaka juzi
niliweka mlango mmoja, kufuli moja, jibu moja,
nikakaa kama msimamizi wa mtihani.
Twalib alilala mezani. Viazi karai vikapoa.

Kwa hiyo mara hii natoboa:
mfereji wa maji machafu,
paa la jirani mpenda umbeya,
mpishi anayedai mshahara wa miezi tisa,
dirisha la juu lenye kimia cha mbao
linaloona kila mtu na lenyewe halionwi.
Walinzi nawapa majina. Mlinzi mwenye jina
hupiga miayo, humkumbuka mkewe.
Wa zamu ya usiku ni Mbwarali, ana jino bovu.
Kengele ya shaba ikilia mara tatu
chumvi inaanza kupanda vyumbani, kifundo, goti, kifua.
Hapa napiga mstari. Wizi usio na saa ni matembezi.

Na juu ya mlango mkuu, kwa majivuno yangu, nachonga:

    Nina kinywa na sisemi
    Nina tumbo na sihemi
    Anilishaye ulimi
    Ndiye namfungulia

Nusu saa nzima, nikihesabu mizani kwa vidole.

Nilipofika kwenye ngazi mkono ukanisaliti.
Kidato cha tatu nimekichora kimevunjika.
Nakijua. Kibokoni, nyumba ya bibi,
ile mjomba aliyoitilia sahihi mezani kwa wakili
sisi tukiwa shuleni. Sasa ni hoteli,
ndani ya birika wamepanda maua.
Kifutio kilikuwepo. Sikukigusa.

Ijumaa, darini kwa Swabra, Bondeni. Umeme umekatika,
dadu la nyuso ishirini tunalisoma kwa tochi ya simu.
Wanapanga tangu isha. Badi anataka kuchimba.
Swabra ameshamhonga mpishi. Twalib, macho makavu,
anahesabu hatua za Mbwarali.
Kadzo, mwizi wao mkuu, hajasema neno,
anamung'unya ubuyu, midomo imeiva nyekundu.
Kisha anatema kokwa kiganjani:
"Naenda mlango mkubwa. Napiga hodi."

Napekua daftari. Ipo mitego kumi na minne,
upo ukurasa mzima wa sumu.
Hodi haimo.

"Mara ngapi?" nauliza, nikitafuta muda.
"Tatu. Nisipojibiwa narudi zangu. Si ndiyo adabu?"

Ulimi. Na mimi nilidhani ni ufunguo.

Basi Mbwarali, saa nane za usiku, shavu limevimba,
naye alilelewa na mama kama sisi sote,
hana la kujibu ila moja.

Dadu sikulirusha. Nilisema, "Karibu,"
nikasikia komeo likivutwa, la karatasi, la Kibokoni,
nikawaonya tu: kidato cha tatu,
angalieni,
shikeni ukuta.