Mbwa Asiye na Mwenyewe

Ami Shaame alirudi Ujerumani, ile ya wakati ule,
na cheti cha umeme, koti la sufu asilolivaa tena,
na siri moja aliyonipa mimi peke yangu
ngazini Michenzani, ghorofa ya nne,
ndoo mikononi, maji hayajapanda siku ya tatu:
"Juu hakuna mtu, Bizume. Nimetazama."
Alisema kama anayenambia duka limefungwa.

Ijumaa goti lake humuuma.
Ramadhani hufunga nasi.
Nani ataweza kula peke yake
katika mji wenye pua kama huu?

Lakini ngoja usiku.
Mwambie apige mbinja.
Mwambie amwage maji ya moto chooni
bila kuwaomba wasioonekana wapishe.
Hamwagi. Fundi wa umeme mzima
kasimama na sufuria, anasubiri yapoe.
Na mwaka ule wa Popobawa,
Michenzani yote ilipolala nje juu ya majamvi,
nani alitangulia kushuka na mto wake?

Nikamuuliza:
Ami, mwenye nyumba umemkana,
mbwa wake unamkimbilia nini?

Akaendelea kuchuna waya kwa meno.

Nikaenda kwa Maalim Mbaruku. Akacheka.
"Ibilisi? Ibilisi hana shaka, mwanangu. Alikuwepo.
Amri aliisikia kwa masikio yake.
Kilichompungukia ni adabu."
Nikapiga hesabu njia nzima:
kumbe nyumbani kwetu
shetani anamwamini Mungu,
na Ami hamwamini.

Adelina, muuguzi, mtu wa Songea,
msalaba wake mdogo ndani ya kanga, akasema:
"Wangu ni mmoja, na kesi yake imeandikwa.
Nyinyi wenu wana makabila, wanachagua manukato.
Hao siwawezi."
Kweli. Maana shangazi Mkasi,
asiyekosa Alfajiri tangu avunje ungo,
ana kibuki kichwani,
na kibuki chake ni Kikristo, kinataka brandi.
Adelina ndiye anayetununulia,
sisi tutaonekana.
Kikishuka, shangazi anasukutua, anatawadha,
anauliza ni saa ngapi.

Sasa nani atanambia shetani ni wa dini gani?

Ami alijibu mwezi ule umeme ulipokatika
kisiwa kizima, naye hana la kutengeneza.
Gizani, bila kuulizwa tena:

"Nilikuwa na miaka tisa. Walikuja watatu kumchukua baba.
Mmoja ndiye aliyenifunza kuogelea.
Walikunywa chai kwanza.
Yeye alikirudisha kikombe kisahanini
taratibu, kisigonge, mtoto kalala.
Baba hakurudi.
Yule bwana alirudi dukani kwake,
akauza vitunguu miaka thelathini,
na kila adhuhuri akilala, mdomo wazi, kama kichanga."

Nikasema, basi shetani ni mtu.

"Usinipe maneno ya hotuba.
Mtu namjua. Shingo yake niliishika
siku nilipoogopa kina.
Mimi nauliza kilichompa ule usingizi.
Nimefungua mashine za kila namna,
hicho sijapata kukiona ndani.
Siku ile mmoja hakuwepo, Bizume,
na mmoja alikuwepo.
Alitia sukari vijiko vitatu."

Chini, mtoto wa watu akapiga mbinja.
Ami akanyanyuka kufunga dirisha,
goti halimuumi.

Nikaingia jikoni kumwaga maji ya tambi.
Mvuke usoni, mkono tayari,
nikasimama.
Sijui nilikuwa nampisha nani.
Nilisimama mpaka yakapoa.