Kigingi cha Nne

Miaka thelathini na mmoja nilivuta mnyororo wa mpima ardhi,
Vihiga yote, kutoka Mudete hadi kuingia Kaimosi,
nikipiga vigingi katika mashamba membamba kama mshipi
huku ndugu wakitazamana, panga limelala kwapani.
Kwa hiyo Kadenyi aliponiambia, Baba, nimepata nyumba Ureno,
sikuuliza bei.
Niliuliza: vigingi viko wapi?

Akacheka. Ni ghorofa ya tatu, Baba.
Chini yangu watu, juu yangu watu.
Basi umenunua hewa, mwanangu,
na hewa haina hati.

Kumbe inayo.
Kwanza wakampa nambari ya kodi
kabla hajamiliki hata kijiko cha kutozwa.
Kisha benki ikauliza fedha zimetoka wapi.
Kwetu huku bodi ya ardhi huuliza
mke yuko wapi, watoto wamekubali,
nani analia pale nyuma.
Kule hawakutaka machozi, walitaka karatasi.
Nikakaa nikaandika: mikaratusi kumi na minane,
fahali mmoja mwekundu mwenye chongo,
na zamu mbili za chama cha mama yake.
Chifu akapiga muhuri mara tatu, wino umekauka.
Mtafsiri wa kula kiapo, huko Braga,
akamlipisha kwa ukurasa
kumvusha fahali wangu hadi Kireno.
Sijui kule anaitwaje.
Natumaini hawakusahau chongo lake.

Siku ya sahihi aliniweka mezani, ndani ya simu,
nimeegemezwa kwenye jagi la maji.
Mwanasheria wa serikali akaisoma hati yote kwa sauti,
hakuruka hata nukta, saa nzima,
kuku wangu wakaingia ndani wakatoka.
Sikuambulia kitu, ila mara moja nikasikia Adagala,
jina la baba yangu, limevunjwa katikati, limeungwa,
nikaketi wima.
Nyumba yenyewe haina nambari, ina herufi.
Herufi M. Basi.
Mimi niliyezika mawe kwa futi na inchi!

Jioni nikampigia: vaa kiatu kigumu, uzunguke.
Kila pembe, kisigino mara tatu.
Nikafungua daftari langu la vipimo,
ukurasa wa mwisho, ule nilioustaafu nao mtupu.
Pembe ya kwanza: imara.
Ya pili: imara, pana bomba.
Ya tatu ilikuwa nyuma ya friji, akaisukuma akitweta.
Ya nne akapiga,
na kutoka chini, ngo, ngo, ngo,
mtu akajibu kwa mpini wa ufagio.

Kadenyi akaganda. Baba, nimewaudhi.
La, nikasema, kalamu ikitia alama,
huyo ndiye jirani.
Sasa mpaka unajulikana.
Kesho mshukie, na usiende mikono mitupu.