Kioo cha Kavugho

Mimi ni fundi wa vioo, Birere, nyuma ya wauza mbao.
Nakata madirisha ya watu. Vipande vinavyobaki
navifunga gunia, navilaza nyuma ya mlango,
vingoje kazi isiyo na jina.

Kazi ikaja Jumanne
ndani ya kopo la maziwa lenye matundu ya msumari.
Kavugho, binti yangu wa miaka tisa, alilishika kwa mikono miwili
kama anayebeba mchuzi wa moto.
"Baba, ametoka Beni. Alikuwa katikati ya mbao.
Anasikia baridi."

Nikachungulia. Mjusi kafiri,
rangi ya uji uliosahaulika,
nusu ya mkia hana,
macho yamenikazia
kama mteja anayejua bei.

Nikasema hapana.
Kisha nikachukua futi.

Vipande vitano, gundi kwenye kona,
juu chandarua kuukuu kilichobanwa na mpira wa baiskeli.
Kavugho akamwaga mchanga, akasimamisha gome la mti,
akataka upande mmoja uwe na joto, wa pili baridi,
"ili achague mwenyewe."
Sikumwuliza nani kamfundisha.

Joto ndilo lilikuwa kazi.
Umeme kwetu ni shemeji: huja akitaka,
akiondoka haagi.
Taa iliwaka Jumatano. Alhamisi ikazima,
upepo wa ziwani ukapita chini ya mlango,
na mjusi akajikunja, akawa mkunjo wa kitambaa.
Ndipo mtoto akatoka uani na jiwe,
jeusi, lenye matundu kama mkate.
Uani kwetu hakuna jiwe la aina nyingine.
Akalipasha kando ya mbabula,
akalijaribu kwenye shavu lake, si kwa kiganja,
akalivika soksi, akalisukuma chini ya kioo.

Nilikaa kimya.
Jiwe hilo nalijua tangu lilipokuwa likitembea.
Mwaka wa elfu mbili na mbili lilishuka mtaani, jekundu,
polepole, kama mtu aliyelemewa na mzigo,
likaingia dukani kwa baba yangu bila kubisha hodi,
na vioo vyote vya ukutani vikawa uji.
Leo limevaa soksi. Linafanya kazi ya kuku.

Mama yangu alisusa chumba hicho siku nne.
"Anaitwa kafiri, na bado mnamjengea?"
"Nyanya, hana kope," Kavugho akajibu.
"Angefumbaje macho asali?"
Siku ya tano bibi alikuja na kiberiti kinachokwaruza kwa ndani.
Mende, mdogo.
"Asizidi kichwa chake, atakabwa,"
akasema, akitazama pembeni, kama kwamba kiberiti
kimejileta chenyewe.

Nimejifunza mambo ambayo sikuyatafuta.
Hanywi bakulini; hulamba matone ukutani,
hata jicho lake hulilamba.
Ganda la yai lililosagwa, likipakwa kwenye mende, huwa mfupa.
Na ukimkamata mkia anakuachia mkia,
yeye anaendelea na safari.
Nimewaza: ningekuwa nao mwaka ule
ningewaachia,
ningekimbilia Sake mwepesi, bila kugeuka nyuma.

Usiku wa Jumapili niliamka saa tisa.
Jiwe limepoa. Mtoto amelala kinywa wazi,
mkono umeegemea kioo.
Nikafukua majivu, nikapuliza, nikangoja.
Nikalijaribu jiwe kwenye shavu langu,
si kwa kiganja.

Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu,
na kwa upande wa ndani, alama ya mguu:
vidole vitano, vya duara,
vidogo kuliko herufi za gazeti.
Kazi yangu ni kufuta alama za vidole
kwenye vioo vya watu.
Hiyo niliipita, kitambaa mkononi,
nikaenda kufungua duka.